Ntiro Alijua Kuchora

Zamani, nilipokuwa mwalimu huku Karagwe, mvulana mmoja aliniletea picha ya watu wakibeba rubisi kwenda ukweni. Watu wadogo, migomba mikubwa, aliye mbali sawa na aliye karibu, wala kivuli hakuna. Nikampa alama 4 kwa 10, nikaandika kwa wino mwekundu: "Hujui kuchora."

Maneno yale yale nimeyasikia kwa wasomi wetu juu ya marehemu Sam Ntiro, nami sasa siyakubali. Eti alichora kama mtoto; eti hakufundishwa. Mtu huyu alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, akafundisha hapo hapo, kisha kati ya 1952 na 1955 akasoma chuo cha Slade, London, ambako wakati ule mwanafunzi alikazaniwa kuchora mwili wa mtu hadi aujue. Akarudi, akaendelea na migomba yake vile vile. Anayejua njia mbili akashika moja, huyo amechagua.

Wengine husema ni Bibi Trowell aliyemtaka achore hivyo. Haya, na baada ya Slade nani alimshika mkono? Nakubali kwamba picha zake kadhaa zinafanana mno, hilo tulijadili. Lakini kutojua? Hapana.

Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo iko katika mkusanyo wa Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Waliiweka huko watu wasioonja mbege wala rubisi. Sisi, ambao kutoka Kayanga hadi Murongo tunaujua uzito wa kibuyu kile, ndio tunaouliza kivuli kiko wapi. Usiku, jamani! Na ukimtaja Ntiro, aliyemsikia humkumbuka kwa ubalozi wake wa London, 1961 hadi 1964, kana kwamba brashi ilikuwa mchezo wa jioni.

Mvulana yule sasa ni mzee mwenye shamba la kahawa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nilimwendea kuiomba picha ile, nimfutie zile alama. Alicheka mpaka akakohoa.

"Shikamoo mwalimu," akasema, "ile niliiwashia moto jikoni siku ile ile."