Mukono wenye kutetemeka: lutuku, ulozi, ao ugonjwa?

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe.

Kanisani kwetu kuna shemasi mumoja, muzee aliyefanya kazi ya mungodi miaka mingi. Tuliona kwamba akikaa kwenye benchi, mukono wake wa kuume unatikisika juu ya paja, vidole vinasuguana kama vya mutu anayehesabu makuta. Akaanza kutembea kwa hatua ndogo ndogo. Sauti ikapunguka, uso ukakauka, hata ukimuchekesha. Watu wakasema: "Ni lutuku tu." Nami, badala ya kumuuliza, nikamuondoa katika kazi ya kupitisha kikombe cha Meza ya Bwana. Akanifuata nyumbani: "Pasta, pombe sikunywake. Haiko miye natikisa mukono, njo yenyewe inajitikisa."

Kwake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jamaa walisema mujukuu wake, mutoto wa miaka tisa, ndiye anayemufunga usiku. Mutoto alikuwa amekwisha kufukuzwa, analala kwa jirani.

Tukaenda kwa munganga. Hakuanza na mashini. Alimuambia muzee atembee, afungue na kufunga vidole, kisha aandike jina lake mara nyingi. Herufi zikazidi kuwa ndogo. Akasema: ni ugonjwa wa Parkinson. Jina hilo ni la munganga wa London aliyeueleza katika mwaka 1817.

Ndani sana ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini, ambacho kinasaidia mwili kutembea na kugeuka bila shida. Katika ugonjwa huu seli hizo zinakufa polepole. Mukono ukianza kutetemeka, nyingi zimekwisha kufa. Mara nyingi huanza upande mumoja, nao hutetemeka zaidi ukipumzika. Miaka mbele ya hapo mutu anaweza kupoteza harufu, kufunga choo, ao kupiga mateke usingizini. Kwa wagonjwa wengi sababu haijulikani. Hauambukizi. Kushirikiana kikombe ao sahani hakuuleti.

Wazee wetu wanamukumbuka Muhammad Ali, aliyemupiga George Foreman hapa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Miaka kumi baadaye, 1984, waganga walimuambia ana ugonjwa huu. Mwaka 1996 aliwasha moto wa michezo ya Olimpiki kule Atlanta, mukono ukitetemeka mbele ya dunia yote. Alikufa 2016. Nani alimuloga yule?

Sasa dawa. Iko levodopa, ambayo hutolewa pamoja na karbidopa. Haifufui seli zilizokufa, lakini ubongo unaigeuza kuwa dopamini, na mutu anarudishiwa mwendo wake. Inywewe kwa saa zilezile kila siku, nusu saa mbele ya chakula, juu nyama, samaki na maharagi vinaweza kuizuia. Miaka ikipita nguvu yake hudumu muda mufupi, ao mwili hujipindapinda. Hapo munganga anapanga upya. Usiiache gafula! Niseme wazi kwa wenzangu wachungaji: ukimuombea mugonjwa kisha ukamuambia atupe kinini, unaweza kumuletea hatari kubwa. Omba, na dawa iendelee.

Mupelekee munganga kila dawa unayokunywa. Ziko dawa za kutapika, na za wagonjwa wa akili, ambazo zenyewe huleta matetemeko kama haya. Tena mueleze kazi uliyofanya. Vumbi ya manganezi, jiwe linalopatikana Kisenge kule Lualaba, ikivutwa kwa muda murefu inaharibu ubongo kwa namna inayofanana na Parkinson, na levodopa haisaidii sana hapo. Vijana munaosaga mawe, lowesheni vumbi na mufunike pua kwa maski ya kweli, kitambaa hakitoshi.

Mazoezi pia ni dawa. Muzee wetu miguu ikigandamana mulangoni, bibi yake anaanza kumuimbia wimbo wa mwendo, naye anapiga hatua kwa kuufuata. Ni njia ambayo waganga pia wanaifundisha.

Juu ya mujukuu, nilikaa na jamaa siku mbili. Niliwasomea Yoane 9, pale wanafunzi wanapotafuta nani alifanya zambi. Niliwaeleza pia kwamba sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inatoa azabu ya kifungo kwa anayemushitaki mutoto ulozi. Shangazi mumoja alikasirika na mpaka leo hanisalimu. Lakini mutoto alirudi.

Muzee nilimuomba musamaha mbele ya kanisa. Kikombe anakipitisha tena, tunakijaza nusu tu. Na saa za kinini anazichunga yule mujukuu, amepata kuzijua kuliko bibi yake.