Paka Mwenye Vipele: Tuulize Kabla ya Kutibu



Wazazi wetu watukufu, likizo iliyopita tulifunga safari kwa njia ya Kibwezi na Mutomo hadi mjini Kitui, kumzuru dada yetu aliyeolewa huko. Tulimkuta na mgeni mwingine nyumbani: paka jike wa rangi ya majivu, aliyeokotwa na wajukuu karibu na soko, mbavu zikihesabika. Watoto walimpa maziwa, wakamtandikia gunia jikoni, naye akawa wa nyumbani.

Siku ya tatu mjukuu wetu wa miaka saba alimpapasa mgongo akasema, "Babu, paka ana mchanga ndani ya ngozi." Tulipofunua manyoya tuliona vipele vidogo vyenye magamba, vimetapakaa kiunoni hadi shina la mkia. Shavuni palikuwa na uvimbe mfano wa tende, na juu ya sikio duara lisilo na nywele.

Nyumba ikagawanyika. Jirani alisema atupwe mbali kabla hajaleta maradhi. Dada yetu alisita, kwani watoto walikuwa wameanza kulia. Nasi, kwa kuwa ndio wakubwa pale, tukakata shauri: aogeshwe kwa dawa ya kupe wanayoogeshewa mbuzi. Tulisema hivyo kwa sauti ya mwenye elimu, na elimu ya jambo hilo hatukuwa nayo.

Katika duka la agroveti, binti muuzaji alituuliza tuna mbuzi wangapi. Tulipomwambia ni paka mmoja, aliirudisha chupa rafuni. "Sheikh, hii itamuua," alisema. "Paka hujilamba mwili mzima." Akatueleza kwamba baadhi ya dawa za kupe na viroboto, hasa zenye permethrini na jamaa zake, mbuzi na mbwa huzistahimili, lakini ini la paka haliwezi kuzivunja. Paka hutetemeka, hushikwa na degedege, na huenda akafa. Tulitoka dukani mikono mitupu, tukimwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa fatwa tuliyoitoa bila ujuzi.

Daktari wa mifugo aliyemtazama paka yule hakupata ugonjwa mmoja, bali mitatu. Kwanza alimchana kwa kitana chenye meno ya karibu, akakung'utia uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vijipunje vyeusi viligeuka rangi ya damu: hicho ni kinyesi cha viroboto, na vile vipele vya mgongoni vilitokana na kuumwa nao. Uvimbe wa shavuni ulikuwa jipu, alama ya jino la paka mwenziwe. Jeraha la namna hiyo hujifunga juu upesi, na usaha ukabaki ndani. Lile duara la sikioni lilikuwa choa, maradhi ya kuvu, nayo huambukiza watu. Ndipo daktari akauomba mkono wa mjukuu wetu. Karibu na kiwiko palikuwa na duara jekundu lenye kingo zilizoinuka. Sote tulikuwa tumeliona, tukadhani ni mbu.

Hebu tutafakari. Lau tungemtupa paka, choa kingebaki mkononi mwa mtoto na viroboto wangebaki katika gunia. Lau tungemwogesha ile dawa, tungemuua mbele ya watoto waliomwokoa. Njia zote mbili zilikuwa za haraka, wala hakuna iliyokuwa na rehema.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Sahaba Abu Qatada (r.a.) aliinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe. Tena tumeonywa kwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi anayemwingiza paka nyumbani amebeba amana, na amana hiyo haiishi kwenye kibakuli cha maziwa. Hata hivyo, usaha na damu ni najisi. Nguo iliyoingia ioshwe kabla ya sala.

Mama zetu, mkimwokota paka, mtazameni mwili mzima mchana kweupe kabla hajalala na watoto. Akiwa na magamba mazito kuanzia ncha za masikio na kichwani, huenda ni upele wa utitiri. Uvimbe wenye kitundu kinachotoa majimaji huenda una funza wa inzi ndani yake. Na kinachodhaniwa kuwa kipele huenda ni kupe aliyeshiba. Ang'olewe kwa kibano karibu na ngozi, wala asichomwe moto. Msitumbue jipu, msipake mafuta ya taa, na msimpe paka panadoli, kwani hata kidonge kimoja chaweza kumwua. Mnawe mikono kila mnapomshika, na matandiko yafuliwe. Mtoto mwenye duara la choa apelekwe zahanati, paka naye kwa daktari wake, watibiwe pamoja. Matibabu ya choa huchukua majuma kadhaa.

Neno moja zaidi: kichaa cha mbwa humpata paka pia. Aking'ata au kuparura mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu afike hospitali siku ile ile. Na paka mwenyewe achanjwe.

Juzi dada yetu ametupigia simu. Manyoya yameota sikioni, mkono wa mtoto umetakata, na gunia la zamani limechomwa. Mjukuu alimnyang'anya nyanyake simu akatuuliza, "Babu, ile dawa ya mbuzi hukuinunua, sivyo?" Tukamjibu kwamba hatukuinunua, na kwamba aliyetuzuia ni binti aliyejua tusichokijua. Qur'ani imetuamuru tuwaulize wenye kujua. Nasi tuliokuwa tukiisomesha amri hiyo kwa miaka mingi, tumeisoma upya mbele ya meza ya agroveti.

Wabillahi tawfiq.