Fomati si dawa ya kila kitu

Vijana wenzangu, leo nasema wazi, na kama wewe ni fundi unijibu hapo chini: hii tabia ya kufomati kila kompyuta inayosumbua inatumaliza sisi wakimbizi.

Kompyuta yetu hapa Kimaka ni ya mezani, ya zamani, ina Windows 7. Siku moja iliwaka vizuri lakini programu zikakataa kufunguka. Unabonyeza Word, kimya. Unabonyeza Chrome, kimya. Nikaibeba kwa boda hadi mjini. Fundi hakuuliza hata swali moja. "Kijana, hii iko na virusi. Tunapiga fomati tu." Nikakubali, nikalipa. Sikujua hilo neno maana yake ni kufuta.

Ikarudi safi kama sahani iliyooshwa. Picha za bibi kule Uvira, hakuna. Diploma ya dada, tuliyoiskani kabla karatasi yenyewe haijalowa, hakuna. Mama akauliza, "Na ile sauti ya baba yako?" Nilinyamaza.

Wiki mbili baadaye programu zikagoma tena! Kumbe virusi vilikuwa kwenye flashi yangu, ile ninayochomeka kila duka la fotokopi. Basi fundi alisema kweli, ni virusi. Lakini hakuuliza vimetoka wapi.

Tuelewane. Programu ni kitu kimoja, mafaili yako ni kitu kingine. Programu ikigoma, picha zako bado ziko palepale kwenye diski. Na sababu za kugoma ziko nyingi.

Diski C imejaa mpaka mdomoni? Punguza kwanza. Kila programu inafunguka kwenye Notepad na maandishi ya ajabu? Kuna mtu alichagua vibaya ifunguliwe na nini. Tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji, mara nyingi kule zinafunguka. Tarehe imerudi nyuma miaka na kurasa za intaneti zinakataa? Ni betri ndogo ya CR2032, umbo la sarafu. Unashuku virusi? Kwenye Windows 7 bonyeza F8 inapowaka, chagua Safe Mode, usafishe kutoka huko, na flashi nayo isafishwe.

Halafu umeme. Bwawa la Nalubaale liko hapahapa Jinja tangu 1954, lakini umeme ukikatika ghafla, kompyuta inazimika katikati ya kazi na mafaili ya Windows yenyewe yanaharibika. Amri ya sfc /scannow inaweza kuyarekebisha bila kugusa picha hata moja.

Na mara nyingine ni uzee. Windows 7 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Januari 2020, na tangu 2023 Chrome mpya haiikubali. Ukifomati na kurudisha Windows ileile, umelipia nini?

Mtaniambia, "Sasa fundi naye atakula wapi?" Ale kwa kutafuta ugonjwa. Fomati ni kazi ya haraka, ndiyo maana inapendwa. Sikatai, kuna siku inabaki hiyo tu. Lakini hata Windows ikigoma kabisa, diski inatolewa, inaunganishwa na kompyuta nyingine, mafaili yananakiliwa. Fundi asiyefanya hivyo kwanza ni mvivu, na mimi niliyemwachia bila kuuliza nilikuwa mvivu zaidi yake.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize: Umejaribu nini? Mafaili yangu umeyanakili wapi? Nifungulie moja nione. Akikasirika, beba mashine yako uondoke.

Mwenye kwao akipoteza karatasi anarudi shuleni alikosoma, anaenda kwa shangazi kuomba picha nyingine. Sisi tunarudi wapi? Shule ya dada haina milango tena. Usiku ule wa kukimbia tulikuwa na begi moja, na hata hivyo mama alijua cha kuchukua kwanza. Kufomati bila kunakili ni kukimbia mikono mitupu wakati hakuna anayekufukuza.

Jumapili mwenye flashi tupu aje nayo, tufundishane kunakili. Wahenga walisema, mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Tuerevuke basi.