Fainali ya BAL: Shida Si Urefu, Ni Uwanja

Al Ahli Tripoli wa Libya ndio walibeba BAL, ligi ya basketiboli ya vilabu vya Afrika, pale Pretoria 14 Juni 2025. Petro de Luanda walichapwa 88-67. Sasa, mayuth wa Umoja na Kayole wanawajua hao Walibya: walikuwa kundi moja na Nairobi City Thunder kule Kigali mwezi Mei, timu ya kwanza ya Kenya kufika BAL.

Wasee wanasema tulikosa urefu. Zii! Kigali iko na BK Arena, inaingiza watu kama 10,000 chini ya paa. Huku Eastlands mtoi anafanyia tizi kwa simiti, ringi haina neti, na mvua ikigonga kila mtu anaenda home. Huyo atawashika Tripoli aje?