Ati "Risasi Moja Ndio Haki"? Haki ya Nani?

Wiki jana niliwauliza swali moja tu: kuwinda mnyama mdogo kwa bastola ya risasi moja ni haki ama ni sifa? Nilidhani nitapata majibu kumi nilale. Mlinijibu kuliko siku ile niliongea kuhusu nauli ya wakati wa mvua. Na wengi wenu mlisema ni haki. Kuna mmoja aliandika, "Jamaa ako na risasi moja, mnyama ako na miguu nne na shimo, hapo wako sawa." Hiyo komenti ilipendwa kushinda hata swali lenyewe. Buda, wewe uliyeandika hiyo, hatujawahi kosana, lakini leo tutakosana kidogo.

Wacha nianze na dhambi zangu. Hizo video nimezitazama karibu mwaka mzima. Mnazijua: jamaa Marekani, pengine South Dakota ama Wyoming, amelala kwa nyasi kavu, bastola ndefu imewekwa juu ya mfuko wa mchanga, darubini juu yake. Kule mbali kuna kamnyama kamesimama wima kama soja wa geti. Kimya. Halafu pao! Kamnyama kanarushwa hewani, video inarudiwa polepole, muziki unaingia. Na mimi niko hapa Nairobi kwa kitanda, saa sita usiku, nacheka na nawatumia mabeste. Kwa hivyo hii si hotuba ya mtu msafi.

Tuelewe silaha kwanza, juu wengi mliongea ni kama ni bastola ya polisi. Si hiyo. Hii haina magazini. Unaweka risasi moja, unapiga, unafungua, unatoa ganda, unaweka ingine. Mwaka wa 1963 kampuni ya Remington ilitoa XP-100, bastola yenye bolti kama ya bunduki ndefu, ikitumia risasi ya .221 Fireball inayotoka kwa mtutu kwa kasi ya kama mita 800 kwa sekunde. Iliundwa na hao wanyama wadogo wa mbali akilini. Miaka minne baadaye, 1967, ikaja Thompson/Center Contender, kazi ya jamaa anaitwa Warren Center. Hiyo mtutu unainama mbele kama wa bunduki ya marisau, na ujanja wake ni kwamba mtutu unabadilishwa: leo .22 ya kindi, kesho .30-30 ya paa, mpini ni ule ule. Kusema ukweli ni kitu kimeundwa na akili, na sitajifanya sioni.

Na wanaoitetea wana hoja tamu. Risasi moja inakufunza subira. Huwezi mwaga risasi ovyo ukitumaini moja itaingia. Lazima upumue, uchague, ungoje. Wanaita hiyo heshima kwa mnyama. Mimi niliamini yote, mpaka siku nilikaa chini nikafanya hesabu.

Bunduki ndefu inashikwa na bega, shavu na mikono miwili. Bastola inashikwa na mikono pekee, hata ukiilaza kwa mfuko wa mchanga bado hakuna bega nyuma yake. Sasa chukua mita 100. Ukipotoka digrii moja, risasi inaenda mita moja na robo tatu pembeni. Sawa, hakuna mwindaji wa maana anapotoka digrii nzima. Mpe sehemu moja ya kumi ya digrii, kitu jicho lako haliwezi kuona. Bado ni sentimita 17. Mpe robo ya hiyo tena, awe fundi kabisa: sentimita nne na kidogo. Huyo mnyama ana uzito wa kama kilo moja, na mwili wake si mpana kushinda chupa ya soda ya lita mbili. Sentimita nne kwa mwili kama huo ni tofauti ya moyo na tumbo, ama kichwa na taya.

Na hii ndio hoja yangu yote, mkitaka mnaweza kuacha kusoma hapa. Mkisema "ni ngumu zaidi, ndio maana ni haki", mimi nauliza, ngumu kwa nani? Mwindaji akikosa kabisa, anacheka na marafiki wake na anaweka risasi ingine. Akikosa nusu, ni mnyama anaingia shimoni na taya limening'inia. Ugumu umechaguliwa na mmoja, bili imetumwa kwa mwingine. Haki gani hiyo? Ni kama mimi niamue kuendesha boda nikiwa nimefunga jicho moja ndio safari iwe na changamoto, na wewe ndiye abiria.

Hapo kwa shimo ndipo mambo yanaharibika zaidi. Wawindaji duniani kote wana sheria moja ya zamani: ukimjeruhi mnyama, unamfuata mpaka umalize. Paa ataacha damu kwa nyasi, utatembea, utamkuta. Mbwa wa prairi (jina tu, si mbwa, ni jamaa wa kindi anayeishi chini ya ardhi) mashimo yake yanaweza kushuka mita mbili na zaidi, na yana vichochoro. Utamfuata na nini? Kwa hivyo lile shimo mlisema ndilo linamfanya awe sawa na mwenye bastola, ndilo linafanya asimaliziwe.

"Lakini kwa video wote wanakufa papo hapo!" Wasee. Mimi nahariri video kila wiki, hiyo ndiyo kazi inanilipia kodi. Najua mkasi unapita wapi. Ile dakika moja mnaona imetoka kwa masaa mengi ya mtu kulala kwa jua. Iliyoingia inabaki, iliyokosa inatupwa, na ile ya mnyama anayejivuta na miguu ya mbele, hiyo nani ataiweka na muziki?

Kuna pia neno lao, vaminti. Maana yake ni mnyama msumbufu, takataka yenye miguu. Ukishaitwa hivyo hakuna anayehesabu. Na huyo mbwa wa prairi si takataka. Kuna mtafiti, Con Slobodchikoff wa Northern Arizona University, alitumia miaka mingi kurekodi milio yao ya hatari, na anasema mlio unabadilika kulingana na adui ni nani, hata mavazi ya mtu ni ya rangi gani. Kuna pia fereti mwenye miguu myeusi, mnyama mdogo mwembamba ambaye chakula chake ni karibu huyo mbwa wa prairi peke yake. Wakulima waliweka sumu, ugonjwa wa tauni ukaingia, chakula kikaisha, na watu wakadhani fereti ameisha duniani. Mwaka wa 1981 mbwa wa shamba moja karibu na Meeteetse, Wyoming, akaleta mmoja nyumbani kwa mdomo. Ndio wakajua bado wako. Kufikia 1987 waliobaki walikuwa 18, wote wamewekwa kizuizini wazalishwe. Sisemi bastola ndiyo iliwamaliza. Nasema neno "msumbufu" lilifanya watu wasiulize nani mwingine anakula hapo.

Halafu mizoga. Mingi inaachwa pale pale. Risasi za kupasuka zinabaki vipande vidogo vya madini ya risasi ndani ya nyama, tai na mwewe wanakuja kula, wanakula sumu. California walichoka, tangu Julai 2019 risasi zenye madini hayo haziruhusiwi kwa uwindaji jimbo lote.

Najua mtaniuliza kuhusu mkulima. Mkulima namwelewa kabisa. Shosh wangu ako Murang'a na tumbili wamemla mahindi msimu baada ya msimu. Amepiga madebe, ameweka mbwa, amesimamisha sanamu imevaa koti la marehemu guka. Lakini sijawahi mskia akisema, "Leo nitawafukuza kwa njia ngumu ndio iwe haki." Mtu ako na shida ya kweli anataka iishe haraka. Mkulima wa Wyoming akitaka kupunguza wanyama kwa malisho yake, atachukua bunduki ndefu, ama mtego, na hiyo ni mjadala mwingine. Ukiona mtu amechagua kwa makusudi kifaa kinachokosa zaidi, hiyo si kazi ya mkulima. Ni mchezo. Uitwe mchezo basi, tujue tunabishana kuhusu nini.

Huyo shosh ndiye alinifunza hii kitu kabla sijajua ni somo. Nilikuwa na miaka kumi, feya mkononi (kabla mniripoti: nilikuwa mtoto, na najua sheria), nikampiga njiwa kwa bawa. Sikutaka kumla, nilitaka tu binamu zangu waone. Akaangukia ndani ya ua wa kayaba, ile miiba mnaijua. Nikaanza kusherehekea. Shosh akatoka jikoni akaniuliza, "Ako wapi?" Nikamwambia ameingia kwa ua. Akaniambia, "Umemwanza, mmalize." Nilitambaa kwa hiyo miiba mpaka giza likaanza kuingia. Nilipompata alikuwa bado anapumua, ananiangalia na jicho moja la machungwa. Nikamaliza. Usiku shosh akamchemsha, nyama ilikuwa kama vijiko viwili, akaniwekea yote mimi na akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza. Feya niliiacha hapo Murang'a.

Sasa, msinifanye wa siasa kali. Kuna mwindaji wa risasi moja ambaye nampa mkono. Huko mashariki ya Marekani kuna watu wanaingia msituni na Contender ya .22, wanaegemea mti, wanangoja kindi afike mita 15 ama 20. Akitikisika, hawapigi. Wakipiga, wanaokota, wanachuna, wanapika mchuzi. Huyo, risasi moja imemfanya asogee karibu na aachane na nafasi mbaya. Wale wa video, risasi ni moja pia, lakini wameongeza darubini ndio wakae mbali zaidi. Silaha ni ile ile. Mmoja imempunguza, mwingine imempa kisingizio.

Na wale mliosema tuanzishe hii mambo hapa kwetu, uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 bado inaukataza. Kama ni vizuri ama vibaya, hiyo vita tutapigana siku ingine, na najua tutapigana. Lakini mkija na hoja, msije na ya "risasi moja ni haki."

Klipu mbili nilizokuwa nimesambaza nimezifuta asubuhi hii. Na wewe wa miguu nne na shimo, nakupa nafasi. Nitafutie video moja, moja tu, ya bastola kwa mita 100, haijakatwa, kutoka risasi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila mnyama aliyepigwa akifuatwa mpaka mwisho wake. Ukiipata nitaiweka hapa hapa na niandike kwamba nilikosea. Nitangoja mpaka Jumapili.