Anabeba mawe ya Wazungu bure? Na abebe

KUNA lalamiko ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja kwa wazazi wenzangu hapa Uingereza, na safari hii limenifika karibu kwa sababu anayelalamikiwa ni binti wa jamaa yangu. Binti anasoma mwaka wa pili chuo kikuu mjini Sheffield. Baba yake, mtu wa Makunduchi aliyeingia nchi hii tangu miaka ya tisini, anapanga mizigo ghalani usiku kucha ili mtoto asome kwa utulivu. Sasa amegundua kwamba Jumamosi mtoto haendi kazini wala maktaba. Anapanda treni ya asubuhi kwenda Edale, anavaa mabuti ya mpira, na kutwa nzima yumo matopeni pamoja na wastaafu wa Kiingereza. Halipwi hata senti. "Anabeba mawe ya Wazungu bure," baba mtu aliniambia kwenye simu, "na sisi mawe tumeyakimbia kwetu."

Sina ugomvi na baba huyu. Mtu anayekesha kazini ana haki ya kuuliza kila saa ya mtoto wake inakwenda wapi. Lakini jambo lenyewe ni kubwa kuliko alivyoliona, na naomba msomaji anivumilie nilieleze, kwa sababu linatuhusu sisi tulio nje na linawahusu zaidi walioko nyumbani.

Edale ni kijiji kilicho chini ya mlima unaoitwa Kinder Scout, katika hifadhi ya Peak District. Juu ya mlima huo kuna uwanda mpana wenye udongo mweusi, ambao kwa hakika ni majani yaliyooza nusu kwa maelfu ya miaka kwa sababu daima yamelowa maji. Tangu enzi za mapinduzi ya viwanda, moshi wa Manchester na miji jirani ulikuwa ukiuangukia uwanda huo. Mimea midogo laini iitwayo sfagnamu, ambayo hunyonya maji mara ishirini ya uzito wake kama sifongo, ikafa. Moto nao ukachangia. Udongo ukabaki uchi, mvua ikaanza kuuzoa na kuuteremsha kwenye mabwawa ambayo watu hunywa maji yake. Mradi wa Moors for the Future, ulioanza mwaka 2003, umekuwa ukiziba makorongo kwa mawe na kuirudisha sfagnamu, kishada baada ya kishada. Hiyo ndiyo kazi ya binti. Anatoboa tope, anachomeka kishada, anapiga hatua moja, anachomeka chengine. Kati ya kazi na kazi amewaona sungura wa milimani, ambao manyoya yao hugeuka meupe wakati wa baridi. Katika Uingereza yenyewe, ukitoa Scotland, hapo ndipo pekee wanapoishi porini.

Wiki nyengine hutengeneza kuta za mawe. Ni kuta zinazopandishwa bila ya chokaa wala saruji, jiwe juu ya jiwe, pande mbili zinazoegemeana na kokoto katikati. Hapa ndipo nilipocheka, kwani baba yake amesahau kwamba hiyo ni kazi ya babu zake. Nani kati yetu aliyetembea kusini ya Unguja asiyeziona bigili, zile kuta za mawe ya matumbawe zinazozungushiwa makonde ya uwandani ili nguruwe mwitu wasiingie? Hazina tone la chokaa. Binti amelipiwa ada ya chuo kikuu, akapanda treni, akafundishwa na mstaafu wa Kiingereza ufundi ambao angeweza kufundishwa na babu yake Makunduchi. Kosa si lake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ni ufundi.

Na mlima wenyewe una kisa. Mnamo miaka ya 1930 Kinder haukuwa wazi kwa kila mtu. Ulikuwa wa mabwanyenye, waliouweka kwa ajili ya kuwinda ndege kwa siku chache za mwaka, na walinzi wakiwafukuza wengine kwa magongo. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wanaokisiwa kufika 400, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, waliupanda kwa makusudi bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Wakapambana na walinzi, na watano wakaishia jela kwa vifungo vya kati ya miezi miwili na sita. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20, na alipewa miezi minne. Wazazi wake walikuwa Mayahudi waliohamia kutoka Romania. Yaani njia anayopita binti wa Kimakunduchi leo iliwahi kupiganiwa na mtoto wa wahamiaji, na akafungwa kwa ajili yake. Mwaka 1949 ikatungwa sheria ya hifadhi za taifa, mwaka 1951 Peak District ikawa ya kwanza, na sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea katika nyika nyingi za nchi. Mwaka 2002, miaka sabini baadaye, Duke wa Devonshire alisimama hadharani akaomba radhi kwa yaliyofanyika zama za babu yake.

Nisije nikaeleweka kwamba huku mambo yote ni shwari. Siku ya Krismasi mwaka 2021 Waislamu zaidi ya mia moja walipanda kilima cha Mam Tor, hatua chache kutoka hapo Edale, na picha zao zilipotoka wakamwagiwa matusi ya kibaguzi. Kosa lao lilikuwa kutembea. Kwa wenye matusi yale, mwenye hijabu mahali pake ni mjini, kwenye duka la pembeni. Mzazi anayemzuia mtoto asende mlimani, kwa nia njema kabisa, anawasaidia watu hao kazi. Huyu anayeng'ang'ania kwenda, anayeswali juu ya koti la mvua kisha akarudi kwenye tope lake, hahitaji kumwambia mtu kwamba na yeye ni wa hapa. Mstaafu anayefanya naye kazi ameshajua.

Sasa twende kwetu. Mimi ni miongoni mwa wale ambao kalamu imewafungia mlango wa kurudi, kwa hivyo nayasema haya nikiwa mbali, na wasomaji walioko Unguja na Pemba wana haki ya kunisahihisha. Mwanafunzi wa Zanzibar anayetaka kufanya kama binti huyu afanye wapi, na kwa idhini ya nani?

Mahali papo, tena si pa kubahatisha. Jozani na Ghuba ya Chwaka zimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, kiasi cha kilomita za mraba 50, zenye msitu, mikoko na majani ya bahari kwa pamoja. Mnakaa kima punju, mnyama ambaye dunia nzima hayupo ila Unguja, ukitoa kikundi kidogo kilichopelekwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wamebaki wachache mno. Wataalamu wa shirika la WCS walipokaa na kuwahesabu kweli kweli, wakatangaza mwaka 2017 kwamba wamepata zaidi ya 5,800, mara tatu ya waliodhaniwa. Kima hawa hula makaa, na inasemekana huwasaidia kutuliza sumu ya majani ya miembe na mikungu. Barabara inayokata msituni ilikuwa ikiwaua ovyo mpaka yalipowekwa matuta. Haya yote yameandikwa, na sehemu kubwa yameandikwa na wageni.

Tizama mikoko. Mzee wa Chwaka atakutenganishia mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana na mkomafi kwa kutupa jicho mara moja, na atakwambia upi ni wa boriti, upi ni wa chombo na upi ni wa kuni. Upana wa vyumba vya Mji Mkongwe ulipimwa kwa urefu wa boriti hizo. Ndugu zetu mlioko Oman na Kuwait, mkiingia nyumba ya kale mkainua macho darini, kuna uwezekano mkubwa mnatizama mti wa kwetu uliosafiri kwa jahazi. Tizama na ndege. Binti aliniandikia kwa furaha kwamba amemuona ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, na kwamba Waingereza wanamlilia kwa kuwa anapungua. Nikamwambia jamii ya ndege huyo twamjua. Wale wanaozaliana Urusi na Asia ya Kati hushuka pwani za Afrika kila mwaka, wakatembea kwenye tope maji yakitoka, na wazee humwita sululu, kwani mdomo wake umepinda kama sululu ya kuchimbia.

Kwa hivyo elimu ipo na mahali papo. Kinachokosekana ni mlango. Chuo kikuu cha taifa, SUZA, kinatoa wahitimu kila mwaka, na bado kijana anaweza kuzaliwa Mwembetanga, akasoma mpaka digrii, asiwahi kuingia Jozani hata siku moja, kwa sababu kichwani mwake Jozani ni ya watalii. Wakati huo huo vijana wa Ulaya wanalipa fedha nyingi waje "kujitolea" kwetu wiki mbili, wakihesabu kasa na kupiga picha na watoto wa skuli. Siwalaumu. Lakini ni mpangilio gani huu ambao mgeni analipa ili afanye kazi ambayo mwenyeji hakuwahi kuombwa kuifanya?

Neno lenyewe "kujitolea" kwetu limechafuka, na hilo lisemwe. Wazee wetu wanaikumbuka ile kazi ya kujitolea baada ya 1964, ambayo asiyefika jina lake liliandikwa. Kizazi changu kinaijua ya aina nyengine: kiongozi anakuja na msafara, anashika koleo mbele ya kamera, anapanda mche mmoja, anapigiwa makofi. Ukirudi baada ya mwezi mche umeshaliwa na mbuzi. Mtu aliyekulia kati ya hayo mawili hawezi kuelewa kwa nini mtoto wake aende matopeni bila ya kulazimishwa.

Na pwani je? Kisheria ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Lakini muulize mvuvi au mama wa mwani wa pwani ya mashariki ni mara ngapi amelazimika kuzunguka ukuta wa hoteli ili afike baharini. Tangu 2021 hata visiwa vidogo vimekuwa vikikodishwa kwa wawekezaji. Huenda mikataba mengine ni mizuri, sikuisoma yote, na wengi wetu hatukuonyeshwa. Ninachojua ni kwamba kisiwa ambacho vijana hawakijui jina, wala kasa wake, wala njia ya kukifikia maji yakijaa, kitakodishwa bila ya mtu kugutuka. Wale 400 wa mwaka 1932 walijua vizuri wanachonyimwa, kwa kuwa kila Jumapili walikuwa wakikitizama kutoka barabarani.

Jumuiya zetu za huku nje zinachangishana kwa visima, madrasa na maiti, na Mungu azilipe. Naomba ziongeze jambo moja dogo: nauli na chakula cha mchana kwa wanafunzi ishirini wa SUZA, Jumamosi moja kila mwezi, Jozani kwa Unguja na Ngezi kwa Pemba, pamoja na mzee mmoja wa kijiji anayelipwa kama anavyolipwa mhadhiri mgeni. Wapande mikoko, wahesabu ndege, wainue bigili zilizoanguka. Waandike kila jina analolitaja mzee, kwa Kiswahili chake, kwani Kimakunduchi na Kipemba vina majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote niliyonayo. Kiingilio cha mwenyeji si kikubwa. Basi la kukodi kwa siku halizidi kiasi tunachotumia katika chakula cha harusi moja ya London, meza mbili tu.

Baba wa binti nimemueleza karibu yote haya. Bado anataka afanye kazi ya dukani Jumamosi. Tumekubaliana nusu: wiki moja duka, wiki moja mlima, mpaka mitihani. Na ameahidi kumuuliza mjomba wake aliyeko Makunduchi jinsi jiwe la kona linavyokaa kwenye bigili, maana binti anasema ukuta wa Edale unamshinda hapo hapo penye kona.