Mlipeni Fundi kwa Sikio Lake

Wasomi wenzangu, hoja yangu ni hii: magari ya mkononi yanatumalizia hela majumbani kwa sababu tunakubali kulipia spea, lakini hatukubali kulipia uchunguzi. Fundi akitumia saa nzima kuliendesha gari, kulisikiliza na kulipandisha jeki, mwisho akasema, "Bosi, ni nati za tairi tu zimelegea, nimeshakaza," tunampa asante na elfu mbili ya soda. Fundi huyohuyo akisema dakika ya kwanza, hata redio haijazimwa, "Hapo shokapu zimekufa, lete laki mbili," tunaanza kuitafuta laki mbili. Sasa hapo nani ana sababu ya kusikiliza?

Najua wengi wetu humu chuoni hatuna magari. Tunatoka Malimbe kwenda mjini kwa daladala na bodaboda. Lakini nyumbani gari lipo: la baba, la shemeji, au la mama mdogo aliyekopa kwenye kikundi. Hela inayoliwa gereji ndiyo hiyohiyo ambayo ingetumwa kwetu bumu likichelewa. Na wengi tukishapata kazi, kitu cha kwanza tunachokiwazia ni Passo au Vitz. Kwa hiyo mada inatuhusu.

Magari haya mengi yalianzia maisha Japani. Kule gari binafsi likiwa jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizeeka mwenye nalo huona bora aliuze, ndipo linapopanda meli kuja Dar es Salaam. Likifika hapa na umri wake umezidi miaka 10, tunalilipia ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Kisha linaendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza, na hapo linaanza kazi kwenye mashimo, matuta na zile njia za mawe za kupanda milimani. Yaani gari lililozoea kukaguliwa kwa ratiba linaangukia kwa mtu anayelipeleka kwa fundi pale tu linapopiga kelele. Basi kelele ile ndiyo taarifa ya ukaguzi tuliyobaki nayo. Tukiisoma vibaya tunalipa mara mbili.

Nimeliona hili kwenye ukoo wetu. Mama mdogo ana IST ya teksi. Mjini gari lilikuwa halina neno, lakini akishapita Buhongwa kuelekea Usagara na mwendo ukafika 80, usukani unaanza kutetemeka. Fundi wa kwanza akasema, "Mama, hiyo ni mauntingi ya injini." Mauntingi ikabadilishwa, usukani ukaendelea kutetemeka. Wa pili akasema shokapu za mbele. Wa tatu akasema tairodi. Zaidi ya laki nne zikaondoka, na siku zote gari lilipolala gereji halikuingiza hata mia. Aliyemaliza tatizo ni kijana wa kuziba pancha. Alifungua tairi la mbele akakuta tope limekauka ndani ya rimu, na kile kipande kidogo cha risasi cha kubalansi kimedondoka. Akakwangua tope, akafanya balansi, mambo yakaisha.

Jambo hili halina uchawi. Uzito wa gramu 20 uliokaa upande mmoja wa rimu, kwa gari dogo lililo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huvuta tairi kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3 na nusu, na kufanya hivyo mara 15 kila sekunde. Mwendo ukipungua hadi 50, nguvu hiyo inabaki robo tu. Ndiyo maana mjini humsikii. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya kwenda Sengerema na Geita haikatishwi tena na foleni ya kivuko, na madereva wanakaa muda mrefu kwenye mwendo mmoja. Mitetemo iliyokuwa imejificha kwenye foleni za Barabara ya Kenyatta sasa inajitokeza.

Katika wale mafundi watatu, hakuna aliyeuliza swali moja jepesi: linatetemeka ukiwa mwendo gani? Mauntingi iliyokufa huonekana zaidi gari likiwa limesimama, injini inanguruma, gia iko kwenye D na mguu uko kwenye breki. Ukiweka N, mtetemo unapungua. Jibu la mama mdogo, "kuanzia 80," lingetosha kuiondoa mauntingi kwenye orodha bila kugusa spana.

Simwiti fundi mwizi. Naangalia namna tunavyomlipa. Mapato yake yanatoka sehemu mbili: hela ya kufunga, na cha juu anachopata duka la spea anakotupeleka. Zote mbili zinapatikana kifaa kikibadilishwa. Kifaa kisipobadilishwa, amefanya kazi ya bure, na jioni anarudi kwa watoto wake kama sisi wengine. Kwa hiyo hata fundi mwaminifu anasukumwa kubahatisha, maana kubahatisha kunalipa na kujua hakulipi. Mimi na wewe ndio tuliopanga bei hiyo.

Linganisha na hospitali. Ukienda kumwona daktari unalipia kumwona, hata akikurudisha nyumbani bila kidonge. Na kabla hajaandika kipimo anakuuliza: ilianza lini, inauma wapi, inazidi ukifanya nini, inatulia ukifanya nini. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa kama bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa, na hapo ndipo kifaa cha kusikilizia cha madaktari kilipoanzia. Mafundi wetu wa zamani wanafanya jambo lilelile: ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, wanasikia kama mlio uko kwenye beringi ya altaneta au kwenye pampu ya maji. Utaalamu huo upo hapa Mwanza. Tatizo letu ni kwamba hatuununui.

Lakini na sisi tuna wajibu. Kumwambia fundi "gari inalia lia" ni kama kumwambia daktari "naumwa umwa." Yeyote kati yetu, hata asiyejua boneti inafunguliwaje, anaweza kukaa kiti cha abiria na kuandika majibu ya maswali manne.

Kwanza, mlio unafuata injini au unafuata magurudumu? Simamisha gari, weka N, kanyaga mafuta taratibu. Ukisikia mlio uleule, tafuta upande wa injini, mikanda, mauntingi au bomba la moshi. Usipousikia hadi gari litembee, tafuta kwenye matairi, beringi na miguu.

Pili, unatokea ukifanya nini? Ukikata kona kali na ukasikia ka-ka-ka-ka, mshukiwa wa kwanza ni sivijointi ya nje. Ukipita tuta polepole na ukasikia go, angalia stabilaiza linki, bushi, shokapu na bolijointi. Usukani ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, diski za mbele zimechakaa vibaya. Mlio mwembamba wa kukwaruza kila ukifunga breki mara nyingi ni pedi zinazoomba kubadilishwa.

Tatu, unabadilikaje? Mvumo unaopanda na mwendo unaweza kuwa wa tairi au wa beringi. Ukitoka lami mpya kwenda lami chakavu na mvumo ukageuka, elekea kwenye tairi. Mvumo ukibaki uleule lakini unazidi unapokata kona ya kushoto, shuku beringi ya kulia, kwa sababu kwenye kona ya kushoto uzito wa gari unaegemea kulia.

Nne, unausikia wapi mwilini? Mtetemo ulio mikononi, kwenye usukani, mara nyingi unatoka magurudumu ya mbele. Ulio chini ya kiti, angalia ya nyuma.

Majibu haya hayamfanyi mtu kuwa fundi. Yanapunguza washukiwa kutoka kumi hadi wawili, na hapo ndipo hela inapookolewa. Kabla hata ya hayo, toa vitu vyote kwenye buti, maana jeki iliyolegea au spana inayobingirika chini ya tairi la akiba inaweza kumsumbua mtu mwezi mzima.

Yapo pia ya kutochezea. Tairi likianza kuyumba ghafla baada ya kufunguliwa na kufungwa, simama hapohapo ukague nati. Bolijointi ikichomoka, gurudumu linajikunja na usukani haukusikilizi tena, na ukiwa kwenye mteremko na abiria wanne nyuma hakuna muda wa kujifunza. Kwa hiyo uchunguzi ni suala la hela na pia la uhai. Laki nne zilizotumika kubadilisha visivyo na tatizo ni laki nne ambazo hazipo siku bolijointi inapokufa kweli.

Wapo watakaosema siku hizi kuna mashine, unachomeka chini ya usukani inasoma ugonjwa wote. Mashine ile ni nzuri, lakini kwenye magari haya inasoma yale ambayo kompyuta ya gari inayajua: plagi isiyochoma, sensa iliyokufa, mchanganyiko wa mafuta. Bushi iliyochanika haina waya. Rimu iliyopinda haina waya. Mashine inaweza kukuandikia kila kitu kiko sawa huku gurudumu linataka kuchomoka. Ukiambiwa "tumepima kwa kompyuta" kuhusu mgongo wa kwenye tuta, uliza kompyuta imeusikiaje.

Wengine watasema hali ni ngumu, huwezi kumlipa mtu elfu kumi au ishirini kwa kuangalia tu, na fundi mjanja atachukua hela ya kuangalia kisha atabahatisha vilevile. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana malipo ya uchunguzi yawe na masharti. Mkubaliane bei kabla gari halijafunguliwa. Fundi aendeshe gari akiwa na wewe hadi wote wawili mmesikia mlio. Akishataja kifaa, akuonyeshe kinavyocheza au kilivyochanika. Kibadilishwe kimoja tu, kisha mrudi barabarani ileile kwa mwendo uleule kabla ya kununua cha pili. Kifaa cha zamani kirudi mkononi mwako. Na ada ile isikatwe kwenye gharama za matengenezo, hata kama kazi utampa yeye. Ikikatwa, tumerudi palepale: fundi atakuwa analipwa zaidi akipata cha kubadilisha.

Kwa mama mdogo, ada ya namna hiyo ingekuwa sehemu ndogo sana ya ile laki nne. Na fundi angeondoka na hela halali kwa kujua kwamba tatizo ni tope. Hilo ndilo ninalolitaka: mtu apate heshima na malipo kwa kusema "hapa hakuna cha kununua."

Serikali ya wanafunzi inaweza kuanza na jambo dogo. Tualike mafundi wawili watatu wazoefu wa Nyakato na walimu wa VETA, Jumamosi moja, walete gari lenye bushi mbovu na jingine lenye beringi mbovu, tupande kwa zamu tusikie tofauti. Wenzetu wa sheria waandike fomu ya ukurasa mmoja ya makubaliano ya uchunguzi, kwa Kiswahili anachokielewa dereva wa bodaboda na mama lishe. Tukienda likizo tunaipeleka Magu, Sengerema, Misungwi na kwingineko. Wazazi wametusomesha, kuwasaidia kuuliza "linatetemeka ukiwa mwendo gani?" si kazi kubwa.

Wakati hilo likisubiri kikao, anza na gari la nyumbani kwenu. Likizo hii kaa kiti cha mbele, zima redio, andika mwendo, mahali na mlio kwenye simu. Kisha mwambie baba aende kwa fundi na karatasi hiyo, na abebe hela ya kumlipa kwa kuisoma.